Kazi Niliyomtafutia Mjukuu wa Nyanya Loretta

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya mchungaji, mbele ya nyanya ninayemtunza, na mbele ya kijana ambaye hakuwa amenikosea lolote. Nawaandikia nikiwa hapa kwenye gari.

Kazi yangu mnaijua. Namtunza nyanya mmoja Mmarekani mweusi hapa Landover, anaitwa Loretta. Namwogesha, nampa dawa, nampikia, jioni narudi kwangu Laurel. Ni mama mzuri, ila maneno yake ni machache. Mwezi wa tano aliniambia, "Mjukuu wangu Andre anarudi. Amekuwa mbali miaka minne. Wamemwachilia wiki mbili mapema."

Hakuongeza neno. Nami sikuuliza. (Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza.)

Sasa niambieni, mtu akae mbali miaka minne halafu aachiliwe mapema, nyinyi mngefikiri nini? Ukutani kuna picha zake. Akiwa mdogo ameshika mpira wa kikapu, akiwa chuoni ameshika mpira wa kikapu, halafu picha zinaisha. Nikasema moyoni, maskini, huyu aliharibikiwa akimaliza chuo.

Andre akaja. Mrefu mpaka anainama mlangoni. Mpole, mkimya. Nikifika saa moja asubuhi namkuta ameshapiga pushapu, jasho linamtiririka. Anakula haraka kama mtu aliyezoea kuhesabiwa dakika. Na kwenye kifundo cha mguu ana alama imezunguka, nywele zimeng'oka zote. Nimeona kwenye televisheni wale wanaofungwa kifaa mguuni ili polisi wajue waliko. Wiki jana nikamsikia kwenye simu: "Sitasaini chochote mpaka mwanasheria wangu asome."

Basi. Kesi nikaimaliza mwenyewe kichwani, na hukumu nikatoa.

Lakini nilimhurumia kweli, na hilo mniamini. Kanisani kwetu kuna Mchungaji Bahati, Mkongo, ambaye hutembelea wafungwa na kuwatafutia kazi wakitoka. Nikamweleza. Akasema, "Dada Rispa, twende tumuone huyu mutoto." Akatafuta hata fomu ya kazi kwenye ghala moja la hapa karibu. Nyanya Loretta nikamwambia tu kwamba mchungaji atakuja kumwombea. Alifurahi mpaka akavaa hereni.

Leo saa nane mchana tukaketi sebuleni wote wanne. (Tuliongea Kiingereza, nawapa kwa Kiswahili.) Mchungaji akamwombea nyanya, akamgeukia Andre taratibu.

"Kijana wangu, najua kurudi nyumbani si rahisi."

"Si rahisi," Andre akakubali. "Unazoea ratiba ya kule. Saa ya kula, saa ya kulala, kila kitu unapangiwa."

Mchungaji akaniangalia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

"Walikuweka wapi?"

"Miaka miwili ya kwanza Finland. Baridi ya ajabu. Halafu Hungary. Mwaka huu wa mwisho Uturuki."

Nilishtuka nikashika kiti. Ni kosa gani hilo la kufungwa nchi tatu?

"Na walikutendea vizuri?" Sauti ya mchungaji sasa ilikuwa imepungua.

"Wengine. Chumbani tulikuwa wawili, mwenzangu alikuwa anakoroma sana. Uturuki ukikosea, ukumbi mzima unakuzomea. Nilipoumia mguu wakaona siwafai, wakaniachilia."

"Tumshukuru Mungu wamekuachilia."

"Mimi nilitaka kubaki," Andre akasema. "Nikipona vizuri, mwezi wa nane narudi."

Hapo sikuvumilia. Nilisimama. Nikamwambia, Andre mwanangu, hurudi huko, maisha yako hayajaisha, tumekuletea kazi. Nikatoa fomu kwenye mkoba na kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, kwamba nafasi hizi ni za watu waliotoka gerezani na wanaotaka kuanza upya.

Nikamaliza kusoma. Nikamnyoshea Andre ile fomu.

Nyanya Loretta akasema polepole, "Rispa. Gereza gani?"

Andre aliangalia fomu, akaniangalia mimi, akaangalia fomu tena. Halafu akatoa simu na kutuonyesha video. Ni yeye. Anaruka, anautumbukiza mpira kwenye kikapu kwa mkono mmoja, na ukumbi mzima unaimba jina lake kwa lugha nisiyoijua. Alipomaliza chuo ligi kubwa ya hapa haikumchukua, kwa hiyo anacheza kwa kulipwa ng'ambo, klabu hii mwaka huu, klabu ile mwaka ujao. Mwanasheria ni wa kusoma mikataba. Nywele za mguu zinang'olewa na bandeji ya kunata anayofungwa kabla ya mechi.

Nilitamani sakafu inimeze na fomu yangu.

Andre alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nyanya hakucheka hata kidogo. Akaniuliza, "Wewe umekaa mbali na mama yako miaka tisa. Akiwaambia majirani uko mbali, wanadhani uko jela?"

Nilipiga magoti pale kwenye zulia nikamshika mkono, nikasema nisamehe, nyanya. Akauacha mkono wake kwenye wangu, lakini macho aliyapeleka dirishani. Kisha akasema, "Leta dawa zangu." Hajaniambia neno lingine.

Nilipokuwa natoka Andre alinifuata mpaka kibarazani. "Usilie, Miss Rispa," akasema. "Nimezoea watu kunidhania hivyo. Wengine huvuka barabara wakiniona. Wewe umeniletea kazi." Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Mchungaji nimemkuta garini ananisubiri, mikono ameikunja kifuani. "Dada Rispa," akasema, "huyu mutoto hakufungwaka hata siku moja." Ahsante, Mchungaji, nimeshajua. (Na usidhani sikukuona ukipiga naye picha mbili kabla ya kutoka.)

Kesho saa moja asubuhi niko tena mlangoni kwa nyanya, na kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuuliza maswali. Mwenye kucheka acheke leo amalize, Jumapili kanisani sitaki kuona jino la mtu.