Vipimo vya Bi Harusi na Lugha Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwahidi shangazi, fundi cherehani, programu ya kuhifadhi vipimo vya wateja. Ifunguke kwenye simu yake na ya msaidizi wake, aina mbili tofauti. Mwisho Alhamisi, kwani Ijumaa anakata gauni la bi harusi. Kazi ndogo! Kwanza nichague lugha ya kompyuta ya kuiandikia. Haraka haraka haina baraka. Nimeazima daftari lake la vipimo. Shemeji, mke wa kaka, alitaka kusaidia. Nikamwambia asijisumbue.

Jumanne, 4 Machi
Dart! Unaandika mara moja, simu zote zinakubali. Nimetengeneza kitufe kimoja, cha kijani. Kizuri mno. Jioni nikasoma mtu anaisifia lugha nyingine, Kotlin.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamia Kotlin. Kwaheri kitufe. Shangazi kauliza nimefika wapi. Nikasema kwenye msingi. Roho haitulii. Nikaamua kuzipa lugha alama, karatasi sina, nikachana moja ya daftari, nyuma ilikuwa nyeupe. JavaScript ikaongoza. Lugha anayoandikia programu shemeji! Nimeichanachana karatasi, nikaitupa. Uchaguzi utarudiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Shangazi kaja kuchukua daftari. Kafungua, kafunga, kafungua tena. Ukurasa wa bi harusi haupo, na mwenyewe yuko safarini hadi siku ya harusi. Nikasema labda ni panya. Akapapasa ukingo ulionyooka kama wa rula.

“Panya huyu kasoma,” akasema.

Kisha akakaa, mikono mapajani. Bi harusi kamwamini yeye peke yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Gauni linakatwa! Kumbe Jumatatu, nilipokuwa natafuta viatu, shemeji alipiga picha kurasa zote. Eti ananijua. Na programu kaimaliza, kwa JavaScript, inafunguka kwenye simu zote mbili. Haina hata kitufe cha kijani. Shangazi hakunigombeza. Kasema tu, “Cherehani yangu ni hii hii tangu hujazaliwa.” Niliona aibu, kwa kweli. Karibu saa nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimesoma kuhusu lugha mpya kabisa. Hiyo ndiyo! Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nitaipa alama kwanza. Shangazi kanunua daftari jipya, kaliweka juu ya kabati. Nimepanda stuli. Nimechana karatasi moja tu, ya katikati, hatajua.