Matembezi Niliyoyakwepa

Ijumaa, 5 Julai

Nimejiandikisha! Matembezi ya Kijani, kila Jumamosi asubuhi, hapa Kasulu mjini. Uwanja wa mpira, bustani za mboga bondeni, chemchemi, kisha msitu mdogo hadi njia ya Heru Juu. Kilomita kumi na moja! Mimi Hashimu, muuza vitenge kutoka Pangani, magoti yangu hayajui vilima. Lakini mwandaaji ni Mwajabu, afisa misitu. Nataka kumwoa. Amesema wazi kwamba mume wake lazima awe mtu wa kutembea naye bila kulalamika. Mwalimu Nathaniel, anayemtaka pia, naye kasikia. Kanunua filimbi, mshenzi yule.

Mkakati: nionekane mwanzo, nionekane mwisho. Katikati ni siri yangu na bodaboda.

Jumamosi, 6 Julai

Ukungu mzito, mtu wa mbele humwoni. Safi! Mwajabu alituhesabu: ishirini na mmoja. Kufika msituni nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikachepuka. Chai na maandazi kwa Mama Ange, saa nzima na nusu. Kisha bodaboda hadi mwisho wa njia. Nikajimwagia maji usoni yawe jasho, nikajificha kichakani.

Wakatokea. Mwajabu akahesabu: ishirini na mmoja. Na mimi bado niko kichakani!

Nikasema huyu naye hesabu zimempita. Kisha nikamwona wa mwisho kwenye mstari. Amenipa mgongo. Shati la bluu kama langu. Nilipofika pale aliposimama, hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamelala, kama yamekanyagwa muda mrefu.

Jumapili, 7 Julai

Picha zimetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Moja ni ya ndani kabisa ya msitu. Wote wanacheka. Nyuma yao nipo mimi. Kofia yangu, shati langu, uso umeinama.

Nilizima simu. Nikaiwasha. Bado nipo.

Halafu akili ikanirudia: si ushahidi huu? Nikaweka dole gumba.

Jumatano, 10 Julai

Mzee Ndayisaba, ambaye miaka sita hajawahi kunichekea, kaingia dukani na kunishika mikono yote miwili. Anasema Jumamosi nilisimama kwake, ukingoni mwa msitu, nikamwamkia kwa Kiha kama inavyotakiwa. Nimeinama. Napiga makofi taratibu. Naulizia mke, watoto, mbuzi, mpaka kamaliza kujibu.

Mimi! Ninayemrushia "mambo" huku napita! Kiha changu kinaishia kwenye "mwakeye" ya salamu. Nilimuuliza kama sura ilikuwa hii hii. Akasema ndiyo, ila ilikuwa na utulivu zaidi.

Nilimpunguzia bei ya kitenge.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nilichepuka mapema, hata bustani sikufika. Nichoke kwa nini, na wa kuchoka yupo? Mama Ange akakataa kunimiminia chai. Eti nimeshakunywa sasa hivi, nikarudisha kikombe mwenyewe, na nikasema asante. Asante ndiyo iliyomshangaza. Nilikishika kile kikombe. Kilikuwa na baridi ya kuuma vidole.

Mchana, ujumbe wa Mwajabu: maneno yangu pale chemchemini yamemgusa, hajawahi kusikilizwa vile. Maneno gani? Nikamjibu kwamba nilimaanisha kila moja. Nathaniel kajitoa kwenye kundi. Ushindi!

Ila sasa mpinzani aliyebaki ni mimi, na ananizidi.

Jumanne, 16 Julai

Wivu umenishinda. Nilikwenda ofisini kwa Mwajabu nikatoa salamu. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Akauliza kwa upole kama namtafuta Hashimu, maana ametoka hapo muda si mrefu.

Iliniuma, kusema kweli. Nusura nimwambie yote. Lakini ningeanzia wapi, kwenye maandazi?

Dawa ni moja. Jumamosi natembea mwenyewe, njia nzima, nimkute uso kwa uso nimfukuze.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeamka alfajiri. Nimevaa viatu. Nimekitazama kilima. Nimevua viatu.

Saa tano Mwajabu kafika dukani na Mzee Ndayisaba, amejaa furaha. Alikuwa anamsimulia mzee: Hashimu amemposa msituni, mbele ya watu wote, naye kakubali. Jumatatu wanakwenda Kibondo kwa wazazi wake. Niliruka kaunta nikapiga kelele kwamba Hashimu ndiye mimi! Akanipita kandokando. Akasema mchumba wake huyu, kwa mawazo ya posa, kaacha duka wazi. Wakatoka, akavuta mlango, akabana kufuli kwa nje.

Niligonga. Nikamwita Mwajabu mpaka koo likakauka. Nje walikuwa wanazungumzia bei ya maharage.

Nimelia kidogo. Sasa nimetulia na nina mkakati, tena mzuri kuliko yote. Wazazi wa Kibondo wana maswali mengi. Basi lina vumbi. Aende yeye! Ainame yeye, apige makofi, ajibu mashangazi. Harusi ikiwa tayari, najitokeza na kuchukua mke.

Kuna mtu barazani. Hatua za polepole, viatu vimelowa. Amesimama mlangoni. Amepiga hodi kwa sauti yangu, kwa adabu ambayo mimi sina, anauliza kama humu ndani kuna mwenyewe.

Nimebana pumzi nyuma ya vitenge. Nikijibu tu, ataniambia nitoke tutembee.

Ameuliza mara ya pili. Mara ya tatu.

Nimenyamaza kimya. Mimi si mjinga.