Nilivyofufuliwa Makina Nikiwa Hai

Wasee, leo nimeaibika. Na kwa vile habari imeshanitangulia hadi kwetu Kawangware, heri mnisikie mimi mwenyewe kabla haijatiwa chumvi.

Kwa wasionijua: mimi ni Wekesa, mhudumu wa afya wa kujitolea. Natembelea nyumba za watu Kibera, nawapima presha, nawakumbusha kumeza dawa. Si daktari. (Akina mama huniita Daktari na mimi sijawahi kukataa. Shida ilianzia hapo.)

Leo nilikuwa na somo la moyo kwa kikundi cha akina mama, nyumbani kwa Mama Zainabu pale Makina, hukohuko Kibera. Mara ya mwisho nilifundisha kwa mchoro, wakasinzia wote. Nikajiambia safari hii naenda na moyo wenyewe. Asubuhi nikapitia bucha iliyo karibu na kwangu, Kawangware.

"Nataka moyo wa ng'ombe. Mzima."

"Nikukatie?"

"Hapana, ni wa kufundisha."

Mwenye bucha akanitazama. "Unafundisha ng'ombe?"

Nilikuwa nimechelewa, kwa hivyo nikatoka bila chai. Nilipofika, sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni na mabati yameshapata joto. Mama Zainabu amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli. Miguu hiyo imevimba, haiingii kiatu. Nimeshamsihi aende kliniki hadi nimechoka. Jibu lake ni lilelile: "Ni uzee, mwanangu. Uzee hauna kliniki."

Mbele kabisa alikaa Mama Atieno, muuza makaa wa Silanga. Ana mikono ya kuinua gunia kama wewe unavyoinua kikombe. Mumewe alianguka nyumbani miaka kadhaa iliyopita, ameshika kifua, na watu wakamzunguka wakimmwagia maji usoni kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya, hadi akakata roho. Ndiyo maana Mama Atieno hakosi somo, na maswali yake hayaishi.

Nilianza vizuri, kusema kweli. Nikauweka moyo kwenye sinia.

"Huu ni pampu," nikawaambia. "Una vyumba vinne. Viwili juu, viwili chini."

"Umetushinda sisi wa chumba kimoja," akasema mmoja.

Nikawaeleza kwamba upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa safi, na wa kushoto huisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene, kazi yake ni kubwa. Na katikati kuna milango inayofunguka upande mmoja tu, damu ikishapita isirudi.

"Kama deposit ya nyumba!"

Wakacheka. Nikaona leo nimewapata. Nikaingia kwa presha: ikikaa juu miaka mingi, moyo unasukuma kwa shida, unanenepa, halafu unachoka. Ukichoka, maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu, mtu hawezi kulala chali bila kukosa pumzi.

Nilisema hayo nikimwangalia Mama Zainabu. Yeye alikuwa anaangalia mabati.

"Mimi hulala nimekaa," akasema mwishowe. "Lakini ni kwa sababu ya kunguni."

Nikaendelea. Nikawaambia moyo nao una mishipa yake ya kuulisha. Ikiziba, sehemu ya moyo inaanza kufa njaa: kifua kinabanwa, maumivu yanaweza kwenda mkononi au kwenye taya, jasho linatoka. Hapo ni hospitali mbio. Na moyo ukisimama kabisa, mtu akaanguka?

"Tufanye nini?" Mama Atieno alikuwa ameshasimama.

Nikachukua mto wa kiti nikawaonyesha. Katikati ya kifua, mikono yote miwili, bonyeza kwa nguvu na haraka, acha kifua kiinuke, bonyeza tena.

"Kwa nguvu kiasi gani?"

"Nguvu zako zote, Mama Atieno. Usiogope." (Maneno haya nitayajutia hadi kaburini.)

Ile sehemu ya kuangalia kwanza kama mtu anapumua, nilikuwa nimeipangia baada ya chai.

Nikashika kisu. "Sasa tupasue tuone vyumba."

"Damu haikusumbui, Daktari?"

"Mimi? Hii si ndiyo kazi yangu!"

Ukweli ni kwamba sijawahi kupasua moyo wa kitu chochote. Sisi tulifundishwa kwa picha. Nikakata. Donge jeusi la damu likateleza nje, likatua kwenye sinia, likatikisika. Harufu ikafuata. Masikio yakaanza kuvuma, jasho baridi likanitoka, nikaona akina mama wanarudi nyuma polepole. Kumbe anayekwenda ni mimi! Nikazima kama stima.

Kitu cha pili ninachokumbuka ni kifua changu kikishindiliwa kama gunia, na sauti za akina mama wakihesabu kwa pamoja kama kwaya. Nikafungua macho. Mama Atieno yuko juu yangu, amepiga magoti, kilemba kimeanguka.

"Mama Atieno! Niko hai!"

"Nyamaza Daktari, bado hatujamaliza!"

"Lakini naongea!"

"Hata Baba Atieno aliongea!" Akabonyeza tena. Kitu kikalia ndani yangu, ko!

Hapo ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa analia. Mimi naona aibu, na mwenzangu yuko vitani. Nikaishika mikono yake yote miwili, kwa kweli nikaing'ang'ania, nikaweka kiganja chake kifuani pangu.

"Sikiliza, mama. Unapiga. Na napumua, unaona?"

Akatulia. Akasikiliza kwa kiganja. Kisha akakaa kitako sakafuni, akawageukia wenzake. "Unapiga," akawaambia, na nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Nilijaribu kusimama, wakanirudisha chini. Kikao kikaamua niende kliniki, na usafiri uliokuwepo ni mkokoteni wa Mama Atieno wa makaa. Nikapakiwa. Mama Zainabu akasema lazima aje anishikie viatu na simu, lakini baada ya hatua chache akasimama, anahema kama aliyepanda mlima. Wakampandisha naye, akaketi kando yangu.

"Jisongeze kidogo, marehemu," akaniambia.

Ndivyo tulivyokatiza Makina mchana kweupe. Mimi nimelala chali, fulana nyeupe ya kazi imekuwa nyeusi kwa vumbi la makaa, Mama Zainabu amekumbatia viatu vyangu, kwaya nyuma. Watu wakatoka madukani.

"Huyo amekufa?"

"Alikuwa amekufa!" Mama Atieno akajibu kwa sauti ya kusikika Silanga. "Nimemrudisha!"

"Si huyo ndiye Daktari?"

"Ndiye!"

Nikafunga macho. Afadhali wangedhani nimekufa tena.

Kliniki tulimkuta daktari wa kweli, dada kijana mpole. Akanipima, akanisikiliza, akauliza nilikula nini asubuhi. Nikakiri hata chai sikunywa. Akasema ni kuzimia kwa kawaida: tumbo tupu, joto, kusimama muda mrefu, halafu macho yakaona damu. Mishipa inalegea, moyo unapunguza mwendo, damu inashindwa kufika kichwani, mtu anaanguka. Akilala chini miguu ikainuliwa, huwa anaamka mwenyewe.

"Na haya maumivu ya kifua?" nikauliza.

"Hayo si ya kuzimia." Akamtazama Mama Atieno. "Mbavu hazijavunjika. Lakini mama, siku nyingine angalia kwanza kama anapumua."

"Hiyo hakutufundisha," akasema Mama Atieno. Nikajitetea kwamba niliipangia baada ya chai.

Daktari alipokuwa anaandika dawa ya maumivu, macho yake yalitua kwenye miguu ya Mama Zainabu. Akabonyeza kifundo kwa kidole. Shimo likabaki. Akampima presha, akairudia. Akausikiliza mgongo wake kwa muda mrefu.

"Moyo umesimama?" Mama Zainabu akauliza. Sijawahi kumsikia na sauti ndogo hivyo.

"Haujasimama, mama. Umelemewa. Una maji kwenye mapafu. Kuna dawa za kuyatoa na za kuushikilia moyo, lakini lazima uende hospitali leo. Si kesho."

Nilingoja niambiwe habari za uzee. Badala yake akanipa viatu vyangu.

"Mpigie Zainabu wangu simu," akasema. "Mwambie alete buibui langu jeusi. Siendi hospitali na hili la jikoni."

Jioni hii Zainabu amenipigia. Mama amelazwa, amewekewa dawa ya kukojoza maji, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ameweza kulala kwenye mito miwili tu. Manesi wameshajua kila kitu kuhusu mkokoteni. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayewasimulia, na kila akisimulia, mimi nakuwa nimekufa kwa muda mrefu zaidi.

Kuna pia video. Sitasema nani aliirekodi. Kikundi kimekwisha kuniandikia kwamba wiki ijayo wanataka somo la ini, na Mama Atieno ameomba akae mbele.

Basi nawaomba msicheke. Au chekeni, lakini msinitumie sauti mlizojirekodi mkicheka. Mimi nikicheka mbavu zinauma, na nimekuwa nikicheka tangu saa tisa.