Wazee wa Munje Hawajambo

Jumatatu, 4 Machi 1957
Kazi mpya! Daktari anachunguza afya za wazee na namna wanavyotunzwa. Mimi nimepewa Munje, karani mwenzangu Ngala kapewa Kikoneni. Tuwaulize wazee wanaumwa nini, nani huwapikia, kama huweza kwenda haja peke yao. Tutakayemwandika mgonjwa atafuatwa Ijumaa kwa gari, apelekwe hospitali. Lakini nimuulize mtu mzima habari za choo? Nitapigwa bakora.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata hila. Siulizi, naamkia tu! Umeamkaje, u hali gani, wa nyumbani hawajambo? Jibu naliandika. Wazee wote wa leo hawajambo. Ngala, aliyeuliza habari za choo, ametukanwa mama yake. Furaha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi
Kwa Bi Mwanapili. Anasuka ukili wa mkeka, anahema. Miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Nikampa shikamoo, nikamuuliza hali. Sijambo, alhamdulillahi. Nikajikaza: hujambo kabisa? Kabisa, mjukuu wangu.
Jirani yake, Biasha, akadakia, "Muulize analalaje, karani! Huyu hulala ameketi!"
Bibi akamkemea, "We Biasha, mgeni huanzwa kwa maradhi? Mletee dafu."
Nikanywa. Nikaandika: hajambo kabisa. Mimi nani hata nimkadhibishe mtu mzima?

Alhamisi, 7 Machi
Daktari amestaajabu. Hajaona kijiji kama Munje. Kauliza, hakuna hata mmoja wa kufuatwa? Miguu ile ikanijia. Nikiitaja, ataniuliza mbona sikuiandika, nami nitafukuzwa. Nikajibu hakuna. Basi kesho gari zima litakwenda kwa Ngala!
Ngala kanicheka: "Wazee wako wanaishi peponi, ndugu yangu. Wangu wangali duniani."
Husuda tu.

Jumapili, 10 Machi
Bi Mwanapili amefariki jana. Inna lillahi. Nimekwenda matangani, nikakaa karibu na mlango. Biasha hakuniitikia salamu. Kasema Ijumaa bibi alioga, akavaa kanga mpya, akaketi kibarazani akingoja gari. Walipomwambia hakuomba kuchukuliwa, akajibu kwamba yule karani ana macho, miguu ameiona, hana haja ya kuambiwa. Gari likapita barabarani bila kusimama. Yeye akaendelea kuketi.
Sikuweza kula pilau.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari amesikia. Amenirudisha Munje nikamwangalie mume wa Bi Mwanapili, Mzee Chirau; haoni tena, na mkewe ndiye aliyekuwa akimpikia na kumshika mkono. Nikaapa leo nitakuwa mwangalifu mno.
Nimemkuta peke yake. Jikoni majivu yamepoa. Shuka imelowa. Nimemwamkia mara tatu, nisije nikakosea tena. Mara zote tatu kaitikia hajambo.
Nimeandika: hajambo kabisa. Na chini yake nimepiga mstari.