Safu ya Chini

Jumatatu, 3 Juni
Nimempelekea Vrinda wangu wali na mchuzi wa samaki kwenye maabara ya chuo. Mwanangu anasomea shahada ya uzamivu ya elimu ya dawa! Ukoo mzima hakuna mwingine. Nikamkuta ameloweka majani ya mmea wa kizhanelli kwenye spiriti. Dawa ya ini, ndani ya pombe! Mama mkwe wangu aliyatwanga kwa maziwa ya mbuzi, na kila aliyekuja na macho ya manjano alipona. Vrinda akasema pombe inakauka yote, inabaki nguvu ya jani. Niliona aibu kwa niaba ya jani.

Jumatano, 5 Juni
Omana wa jirani kaniuliza juu ya ukuta wa ua kama binti yangu bado anafuga panya. Mwanawe yuko Dubai, basi hatupumui kwa majigambo. Nikamjibu panya haohao wa maabara ndio watakaompa Vrinda shahada.
Mchana, huko maabara, mshtuko. Panya wote wamelishwa panadoli mpaka maini yameharibika. Safu ya juu ya vizimba inapewa dawa ya Vrinda. Safu ya chini, maji matupu. Kwa makusudi! Eti bila hao wa maji hatajua kama dawa inafanya kazi. Sikukuu ya Onam, tukishatandika majani ya migomba kwa safu za walaji, nani hupakulia safu moja akaruka nyingine? Watu wangehama mtaa.

Ijumaa, 7 Juni
Vrinda kaitwa na profesa. Nikabaki na vyombo vya chakula, na kizhanelli yangu ya maziwa niliyoificha chini ya wali. Safu ya chini ikanywa yote. Mmoja kanilamba kidole, maskini. Kesho tena.

Jumatano, 12 Juni
Damu imepimwa. Safu zote zimepona! Nikapiga makofi. Peke yangu. Profesa kasema kama wa maji nao wamepona, dawa haijathibitika, na shahada hakuna. Vrinda akalia. Kisha akaona ukijani kwenye masharubu ya panya.
"Mama, umewapa nini?"
"Chakula."
"Mama."
Nikasema. Akakaa sakafuni. Profesa kakubali waanze upya, mara moja tu. Jioni Vrinda kaniapisha mbele ya taa ya ibada: si jani, si maziwa.

Jumatatu, 17 Juni
Panya wapya. Omana nimemwambia wa kwanza walipona upesi mno, ikabidi waletwe wengine. Safu ya chini bado maji matupu, jamani. Vrinda kapekua kikapu changu mlangoni, kakuta uji, kaupitisha. Kiapo nakiheshimu. Ni uji tu, na manjano kidogo. Manjano si dawa. Ni kiungo.