Kumbukumbu Isiyotosha

Mwaka huo wa 2001, Moshi mjini, kila aliyejua kuwasha kompyuta aliitwa fundi, na aliyejua kuizima aliitwa mtaalamu. Wenseslaus alijua vyote viwili, kwa hiyo akajiita injinia.

Asubuhi moja alikuwa ameegemea kaunta ya duka la fotokopi karibu na stendi, akinywa chai iliyoagizwa na mtu mwingine, alipoingia msichana mwenye karatasi na sidii. Juu ya sidii kulikuwa na picha ya ndege mnene, wa aina ile isiyoruka.

"Naomba kopi moja," alisema Aika. "Na kama kuna anayejua kuweka huu mfumo wa Linux, anielekeze."

Wense aliidaka karatasi kabla ya mwenye duka. Yalikuwa mahitaji ya mashine: prosesa ya namna fulani, diski ya giga moja, kumbukumbu mega thelathini na mbili.

"Mashine yenyewe iko wapi, dada?"

"Kwa bibi, Machame. Mjomba aliileta kutoka Ujerumani, babu akafariki hajaizoea. Virusi vimekula kila kitu kilichokuwamo. Ikipona nafungua ofisi ya kuchapa pale Pasua. Chumba nimeshikiwa mpaka mwisho wa mwezi huu, ukipita huo nimekwisha."

Kutoka Ujerumani! Moyoni Wense alikuwa ameshaiuza, na mnunuzi ameshamsifu.

"Mungu amekuleta kwangu," alisema. Na kweli, siku hiyo kulikuwa na mtu aliyeletwa kwa mwenzake.

Alasiri walikuwa sebuleni kwa Bibi Anaeli, ng'ombe akilia nyuma ya nyumba. Wense alisema shikamoo akainama mpaka tai ikagusa meza. Bibi akaitikia marahaba bila haraka.

Injinia akawasha mashine. Mashine za wakati ule, kabla ya lolote, zilijihesabu kumbukumbu zenyewe kwenye kona ya kioo, kama mama anayehesabu watoto mlangoni mwa kanisa. Tarakimu zilikimbia, zikasimama kwenye sitini na nne. Wense akakohoa, akaizima upesi. Lakini Aika alikuwa ameshaona, maana kuangalia ndiyo kazi aliyoifanya maishani kuliko zote.

"Bibi, nisikufiche," Wense alisema, ameshika kichwa. "Haina kumbukumbu ya kutosha. Inataka thelathini na mbili. Nipeni nishuke nayo mjini wiki moja, nikaiongezee."

Bibi aliweka kikombe chini. "Kumbukumbu haitoshi? Mume wangu nilimfanyia kumbukumbu mwaka jana, mchungaji alikuja na kwaya mbili!"

"Hapana bibi, ninayosema mimi ni ile ya..."

"Thelathini na mbili! Yeleuwi! Nitawatoa wapi mbuzi wote hao?"

Aika alifungua mdomo. Bibi akamtazama. Aika akaufunga.

Hapa mtu mwaminifu angefafanua. Wense yeye alisikia neno mbuzi, na mwenye njaa ya mashine hakatazwi kuwa na njaa ya nyama.

"Moja kubwa itatosha, bibi," alisema kwa upole wa shemasi. "Mkishaifanya, mimi nabeba mashine."

"Basi Jumamosi. Ila kitu cha marehemu hakitoki humu kabla ya kumbukumbu. Hiyo ya kuongezea utaileta hapa, uiweke ukoo ukiona. Na huyo ndege wa Aika umweke pia. Tukiiona kazi yako ndipo tutajua wewe ni mtu wa kukabidhiwa."

Wense alishuka mlima akiwaza. Mwishowe alikwenda kwa Denis, mwenye mkahawa wa intaneti, akaazima kipande cha kumbukumbu kutoka kwenye mojawapo ya mashine zake, akiapa kukirudisha jioni ya Jumamosi ileile. Kuku hakamatwi bila punje, alijiambia.

Jumamosi ikafika, na kumbukumbu ilikuwa kumbukumbu kweli. Mzee Nikodemo, mkubwa wa ukoo, aliomba sala ndefu. Pombe ya mbege ikazunguka. Wense akafungua mashine kwa bisibisi, akachomeka kipande, watu wakapiga makofi. Akaingiza sidii, akakaa karibu saa tatu akijibu maswali ya mashine, jasho likimtoka, huku Aika ameketi ubavuni na daftari akiandika kila kitufe kilichobonyezwa. Hatimaye yule ndege akatulia juu ya kioo. Aika akachapa jina la babu yake, Theodory, na akina mama wakapiga vigelegele.

Wense alikula, akafuta mikono, akasimama.

"Sasa bibi, naomba niondoke nayo kwa matengenezo ya mwisho."

"Si inafanya kazi?"

"Inafanya, lakini..."

"Kumbukumbu imekwisha, na vitu vya marehemu tumegawa," alisema Mzee Nikodemo. "Mashine ni ya mjukuu. Atakwenda nayo Pasua."

Wense akaona mashine imekwenda, akaamua kuokoa ngozi yake kwa Denis. "Basi niruhusuni nitoe kile kipande tu. Kina mwenyewe."

Mtu mmoja alibaki na mfupa mdomoni.

"Baba," Bibi Anaeli aliuliza taratibu, "unataka kuondoa kumbukumbu ya mume wangu, mbele ya ukoo wake?"

Vijana wawili waliokuwa wakikatakata nyama wakasogea mlangoni, na visu vyao.

"Hapana, bibi! Ibaki. Ibaki milele."

Aika alimsindikiza mpaka barabarani, kwa heshima zote.

"Asante, kaka injinia. Mashine ilikuwa inatosha tangu mwanzo, niliiona ikijihesabu. Nilichokosa ni mtu wa kunionyesha namna ya kuweka mfumo. Sasa nimeandika."

Huko chini mjini Denis alikuwa ameketi mbele ya mashine isiyoamka. "Sawa, wewe umeniweza," Wense alisema. "Ila bibi wa watu usimcheke. Yule masikini aliamini kabisa ni ya marehemu."

"Bibi?" Aika alishindwa kujizuia. "Bibi amefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Maneno yenye maana mbili ndiyo aliyokuwa akitufelishia."