Kamati ya Ubao na Mashine ya Tii

Ilitangazwa rasmi mjini Bariadi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba watoto wa Simiyu wamekuwa wakicheza kwa muda mrefu bila usimamizi, na kwamba kasoro hiyo sasa imepatiwa ufumbuzi. Ilikuwa imeundwa Kamati ya Kutathmini Athari za Malipo ya Kielektroniki katika Michezo ya Ubao kwa Stadi za Fedha za Watoto. Method Mayige aliteuliwa kuwa katibu, kwa kuwa kwenye usaili yeye peke yake ndiye aliyelitamka jina lote bila kuvuta pumzi.

Method alikuwa na mkataba wa miezi sita na mke mjamzito. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Anatoli Maganga, alimwahidi ajira ya kudumu endapo taarifa ingetoka vizuri.

"Vizuri ndiyo vipi, mkuu?"

"Watoto waonekane wamenufaika na mashine. Zimeshaagizwa mia nne."

Method akaandika kwenye daftari lake: *Lengo ni kuugundua ukweli ulioagizwa.* Akasoma, akafuta.

Chanzo cha yote kilikuwa Mwalimu Felisita wa darasa la tatu. Kwa kukosa vifaa, alichora mchezo wa ubao juu ya boksi la sabuni. Ubaoni mlikuwa na shamba la pamba Nkoma, duka la barabarani Nyashimo na ofisi tatu Lagangabilili. Noti alikata kwenye madaftari yaliyokwisha. Mtoto alirusha dadu, akanunua, akauza, akalipa, akadai chenji yake. Watoto waliupenda hadi kengele ya mapumziko ikawa inawaudhi.

Kamati iliagiza boksi hilo liondolewe, uletwe mchezo wa kisasa wenye kadi na kimashine. Unapitisha kadi, kinalia *tii*, hela imeshakwenda.

"Mkichukua boksi langu, kutoa na kujumlisha nitafundishia nini?" aliuliza Felisita.

"Mashine itajumlisha, mwalimu," alijibu Method.

"Na watoto?"

"Watoto watapitisha kadi."

Felisita alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyekwama kwenye uzio. Kisha akaomba kitu kimoja tu: kwanza wapime. Method hakuona kifungu kinachokataza kupima.

Kwenye boksi lilelile, nusu ya darasa ikacheza wiki nzima kwa noti za daftari, nusu kwa kadi. Wiki ilipoisha, kila mtoto alipewa shilingi elfu mbili za kweli na kutumwa mnadani kununua mafungu mawili ya nyanya. Fungu lilikuwa mia tano.

Wa kwanza alikuwa Maige, wa kundi la kadi. Alimkabidhi muuzaji noti, akabeba nyanya, akaondoka zake akipiga mluzi. Mama Milembe, muuzaji, ilibidi amkimbilie na chenji mkononi.

"We mtoto! Elfu yako hii!"

"Kwani haijaisha?" Maige alishangaa.

Akafuata Kabula, wa kundi la noti, binti wa miaka tisa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mafungu mawili elfu moja."

"Hili lina moja iliyobonyea. Mia nane."

Alirudi na nyanya pamoja na elfu moja na mia mbili, akaihesabu mara mbili mbele ya Method. Wenzake walirudi hivyohivyo, kila kundi kwa tabia yake.

Method alikaa kwenye benchi na kalamu yake, akamfikiria mke wake. Kisha akaandika: *Kundi la kadi limeonyesha imani kubwa kwa wafanyabiashara. Kundi la noti limeonyesha dalili za ubahili.*

Ijumaa Bwana Maganga alikuja mwenyewe, akitaka kuwaonyesha watoto jinsi mtu mzima anavyotumia teknolojia. Alipewa kadi. Kabula alipewa kimashine, awe benki. Mwenyekiti alianza kwa kununua ofisi zote tatu za Lagangabilili. *Tii. Tii. Tii.* Akanunua gari. *Tii.* Akanunua gari la kulisindikiza lile gari. Baada ya dakika kumi na moja kimashine kikatoa mlio mwingine, mnene.

"Salio halitoshi, guku," alisema Kabula. Guku ni babu kwa Kisukuma, na Bwana Maganga alikuwa na miaka hamsini na minne tu.

"Haiwezekani! Nina ofisi tatu!"

"Ofisi hazioti pamba."

"Na haya makato ni ya nini?"

"Ya huduma."

"Huduma gani?"

"Ya kukukata."

"Nani kakuruhusu?"

"Tuliunda kamati," alisema Kabula. "Ulipokuwa unakunywa soda."

Method aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Bwana Maganga alitangaza kwamba mashine ina hitilafu, akadai apewe noti za daftari. Hapo mambo yakabadilika. Kila alipotakiwa kulipa, vidole vyake vilikataa kuachia. Alilamba kidole, akahesabu, akahesabu tena, akaomba apunguziwe. Ofisi hakuzitazama. Kufikia saa nane alikuwa na shamba la Nkoma na faida ndogo, akiwa amekumbatia vikaratasi vyake kifuani, na dereva alikuwa amemwita mara nne.

Jioni hiyo Method aliikunjua taarifa yake, akachana ukurasa wa imani kubwa na dalili za ubahili, akaandika upya kilichotokea, basi. Jumatatu aliipeleka. Bwana Maganga aliisaini bila kuisoma, kama alivyosaini taarifa zote za utumishi wake uliotukuka, ikapanda mkoani. Huko, kwa bahati mbaya, ilisomwa.

Hitimisho lilisema: *Athari za malipo ya kielektroniki kwa stadi za fedha zimethibitika. Zimekithiri kwa mjumbe mmoja, aliyepata nafuu ya haraka alipotumia noti. Kamati inapendekeza mashine mia nne zirudishwe, boksi la Mwalimu Felisita lienezwe shule zote, na mjumbe huyo ahudhurie darasa la tatu kila Ijumaa hadi atakapopona.* Chini yake, kwa wino wa bluu, ilikuwa saini ya mwenyekiti.

Mkoa ulisema haujawahi kuona kiongozi anayejikosoa kwa uwazi kiasi hicho. Ukampongeza kwa maandishi, ukamtaka atekeleze mara moja.

Ijumaa iliyofuata, saa nne kasoro, Bwana Maganga aliingia darasani na suti yake, akajikunja kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Kabula akamsogezea dadu.

"Karibu, guku. Leo unaanza na shilingi mia."

"Mia tu?"

"Ukizitunza, wiki ijayo tutakupa ofisi."